Maneno ya Kimalayalam ya kila siku: acha kupitia Kiingereza, pitia Kiswahili

Kama unaenda Kerala kule India, iwe kusoma, kumpeleka mgonjwa au biashara, najua utakachofanya kwanza, utaingia mtandaoni kutafuta listi ya maneno, na utakuta upande mmoja Kimalayalam upande wa pili Kiingereza, rice, uncle, coconut, brother, basi unakariri. Mi nilikariri hivyo hivyo kabla sijaenda kukaa Kochi, mji wa huko huko Kerala, na nilipofika nikaona maneno mengi niliyoyashika hayakai sawa mdomoni, sio kwamba listi zilidanganya, ila Kiingereza kina neno moja pale ambapo wale watu wana matatu, na kumbe sisi pia tuna matatu yale yale. Kwa hiyo ninachokuambia hapa ni kitu kimoja, chukua neno lao ulipachike moja kwa moja kwenye Kiswahili chako, Kiingereza kiweke pembeni kwanza.

Kidogo tu kuhusu lugha yenyewe. Kimalayalam ni lugha ya jimbo la Kerala, kusini magharibi mwa India, na inasemwa pia visiwa vya Lakshadweep na mji wa Mahe, sensa ya 2011 ilihesabu karibu watu milioni 35 ambao ndo lugha yao ya kwanza. Ni ndugu wa Kitamil, sio ndugu wa Kihindi, kwa hiyo vile vimaneno vya Kihindi ulivyookota kwenye filamu usivitegemee sana huko.

Anza na maneno matano, haya yatakubeba wiki nzima: undu, illa, venam, venda, mathi. Undu ni kuna, illa ni hamna. Ukiingia dukani unauliza "pachari undo?" yaani mchele mbichi upo, ile o ya mwisho ndo inageuza neno kuwa swali, jibu ni "undu" au "illa", kuna, hamna, yani kama duka la mtaani kwenu kabisa. Venam ni nataka, venda ni sitaki. "Enikku vellam venam", nataka maji. "Erivu venda", sitaki pilipili kali, hili shika mapema. Afu mathi, ambalo listi zitakuambia ni enough na kukuacha hapo, lakini mathi ni inatosha yetu na matumizi yake yote, mtu anakumiminia mchuzi unasema "mathi, mathi", wakikuuliza chai au kahawa unasema "chaaya mathi" yaani mi chai tu inatosha, na kwenye bajaji unamwambia dereva "ivide nirthiyaal mathi", ukisimama hapa inatosha, na hiyo ndo namna ya adabu ya kusema simama, tamu kuliko kumwamuru mtu.

Sa kabla hatujaenda mbali, matamshi, maana wao wakiandika kwa herufi za kizungu wana mazoea yao. Njan, ambayo ni mimi, haisomwi nj ya njaa, inasomwa nyaan, ni ny yetu. Th yao sio th ya thamani, ni t tu ila ulimi unagusa meno. Kwenye thenga na maanga ile ng ni ng' ya ng'ombe, na hapa Mswahili unapita bila kujikwaa wakati wengine wanahangaika. Inayobaki ngumu ni zh. Hiyo sio z hata kidogo. Kunja ncha ya ulimi juu nyuma kama unataka kusema r, usiiguse paa ya mdomo, acha sauti ipite, inatoka kitu kati ya r na l na y. Iko kila sehemu, mazha ni mvua, puzha ni mto, vazhi ni njia, na miji kama Kozhikode na Alappuzha. Waingereza iliwashinda wakaandika Calicut na Alleppey, wewe usikate tamaa, jizoeze na mazha, maana kuanzia Juni mpaka Septemba mvua itakupa nafasi ya kulisema kila siku.

Kingine ni herufi kuvutwa na kukazwa. Mathi ni inatosha, ila ukiikaza t ikawa matthi umesema dagaa, wale samaki wadogo wa baharini wanaopendwa sana kule. Vellam ni maji, vallam ni mtumbwi. Na kuna jozi za ulimi mbele na ulimi nyuma, pani ya ulimi mbele ni homa, pani ya ulimi uliokunjwa ni kazi. Puli vile vile, l ya kawaida ni chui, l ya kukunja ni ukwaju. Usiogope, sentensi yenyewe itakuokoa, hakuna atakayedhani umekuja hospitali kwa sababu una kazi.

Haya, sasa wali. Hapa ndo pananifanya nipende hii lugha. Listi itakuambia rice ni choru, unaenda dukani unaomba choru kilo mbili, muuza duka anakuonyesha hoteli ya jirani. Kwa sababu choru ni wali. Mchele ni ari. Na mpunga ni nellu. Mpunga, mchele, wali, nellu, ari, choru, mstari kwa mstari, Mwingereza ana rice tu hapo. Na uji wa mchele wanaita kanji, wanakula na choroko, "kanjiyum payarum", chakula cha mgonjwa na cha siku ya mvua, ukiugua usiku jirani ataleta hicho. Kwenye ari kuna pachari ambao ni mkavu wa kawaida, na puzhukkalari ambao umechemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa, huo ni mnene na wekundu kidogo, ndo wanaokula mchana karibu kila nyumba, unachukua muda mrefu jikoni, usiutoe mapema. Halafu hoteli kwao, kama kwetu, ni mahali pa kula, sio lazima pawe na vitanda.

Nazi ndo usiseme. Coconut, wanakuandikia, basi. Lakini mtu wa pwani anajua kidaka sio kitale, kitale sio dafu, dafu sio nazi. Wao wana machinga, ile changa kabisa inayodondoka chini ya mti kabla haijakua, kwa hiyo ukisikia machinga kule sio mfanyabiashara wa barabarani. Karikku ni dafu, "oru karikku" unaagiza dafu moja barabarani. Thenga ni nazi iliyokomaa. Thengu, na u mwishoni, ni mnazi wenyewe. Ola ni kuti. Chiratta ni kifuu. Koppara ni mbata. Velichenna ni mafuta ya nazi, ya kupikia na ya kupaka kichwani. Na chirava... nilipoingia jiko la mama mwenye nyumba nikamkuta amekalia kibao chenye ulimi wa chuma wenye meno kwa mbele, anakuna nazi, nikasema hii ni mbuzi! Ni mbuzi kabisa, mbuzi ya nazi ya bibi yangu, jina tu ndo chirava. Tui wanaita thengapaal, yaani maziwa ya nazi, na wanakamua mara mbili kama sisi, onnaam paal ni tui la kwanza lile zito linaloingia mwisho ili lisikatike, randaam paal ni tui la pili la kuchemshia. Ukijua hayo mawili unaweza ukasimama jikoni na mtu ukapika naye mchuzi wa samaki, meen curry, bila kuongea sentensi hata moja iliyokamilika. Na ujue Kiingereza chenyewe kimekopa huku, copra imetoka kwenye koppara, coir imetoka kayar, na mango inatoka kwenye maanga.

Maanga yenyewe ni embe bichi, ikiiva inaitwa maambazham. Ndizi nayo, mgomba ni vaazha, ndizi mbichi ya kupika ni kaaya, mbivu ni pazham. Papai linabadilika jina ukivuka wilaya, Kochi wanasema kappalanga, kusini omakka, upande wa Malabar, yaani kaskazini mwa Kerala, karmoosa. Kappal ni meli, kwa hiyo kappalanga ni kama tunda lililokuja na meli. Muhogo ni kappa, na kappa na samaki ni chakula ambacho Mswahili hahitaji kufundishwa kula.

Maji ya mezani usishangae yakija ya moto na yana rangi ya pinki, hayo yamechemshwa na vipande vya mti unaoitwa pathimugam, ni salama kuliko ya baridi usiyojua yalikotoka. Ukitaka ya moto sema choodu vellam. Na ukikaa kunywa chai mtu atauliza "kadi enthaa?" Kadi ni kung'ata, kwa hiyo anauliza kitafunwa gani, yani wametoa jina kwenye kung'ata na sisi kwenye kutafuna. Sema pazhampori, ndizi mbivu iliyokaangwa kwenye unga, hutajuta.

Sasa watu. Hapa listi za Kiingereza ndo zinakuharibia kabisa, maana brother na uncle ni maneno makavu mno kwa lugha kama hii. Kule mtu haitwi "wewe" hovyo. Nee ni wewe ya mdogo wako au rafiki wa karibu sana, usimpe dereva wala muuguzi. Ningal ipo, ina heshima kiasi, ila mtaani watu wanatumia undugu badala ya wewe. Mwanaume aliyekuzidi kidogo ni chettan, ukimwita unasema "chetta!" Mwanamke aliyekuzidi ni chechi. Na unamwongelesha kama vile unamtaja, "chettan evideya pokunne?" neno kwa neno ni kaka anaenda wapi, maana yake unaenda wapi kaka. Mdogo wa kiume ni aniyan, wa kike aniyathi. Mtu mzima atakuita mone kama ni kijana wa kiume, mole kama ni binti, ni mwanangu tu hiyo, ipokee. Mwalimu wa kiume na mtu wa ofisini ni saar.

Kwenye familia za Kiislamu, hasa Malabar, kaka mkubwa ni ikka, mama ni umma, baba ni uppa. Wengine wanasema kaakka kwa kaka mkubwa, sikia hiyo, ila kaakka hiyo hiyo ni kunguru, kwa hiyo itumie ukiwa na uhakika unaongea na nani. Kwa Wahindu mama ni amma baba ni achan, na kwa Wakristo wengi bibi ni ammachi, babu ni appachan.

Sa ngoja uone hii. Valiya ni kubwa, cheriya ni ndogo. Kaka mkubwa wa baba ni valyachan, baba mkubwa. Mdogo wa baba ni cheriyachan, baba mdogo. Dada mkubwa wa mama ni valyamma, mama mkubwa, mdogo wake ni cheriyamma, mama mdogo. Kaka wa mama ni ammaavan, mjomba, na wengine wanamwita maama, kwa hiyo ukisikia mtoto anaita maama anamkimbilia mwanaume mwenye masharubu usichanganyikiwe. Shangazi ni ammaayi. Mi nilihangaika na uncle, uncle, uncle wiki ya kwanza mpaka rafiki yangu wa darasani aliponichorea ukoo wao kwenye daftari, nikaandika Kiswahili pembeni ya kila jina na kila jina likapata mwenzake, hakuna kilichobaki.

Kitu kimoja hatuna sisi. Sisi, yaani hilo neno lenyewe, wao wanaligawa. Njangal ni sisi bila wewe ninayeongea nawe, nammal ni sisi pamoja na wewe. Ukimwambia mwenyeji "njangal kazhichu" umemwambia sisi tumekula, yeye hayumo. Ukimwalika, sema nammal. Msikilize pia yeye anatumia ipi, utajua kama umealikwa au unapewa habari tu.

Kwa upande mwingine wamekurahisishia sana, kitenzi hakibadiliki kwa mtu. Njan vannu, nilikuja. Avan vannu, alikuja. Avar vannu, walikuja. Vannu ni vannu, hakuna ni- wala a- wala wa-, na hakuna ngeli za kukupasua kichwa. Unabadilisha wakati tu, vannu imeshapita, varunnu inaendelea, varum itakuja. Kula ni kazhichu, kazhikkunnu, kazhikkum.

Na huu ujanja wa maswali nilitamani mtu angenipa siku ya kwanza. Angalia herufi ya mwanzo: i ni hapa karibu, a ni kule, e ni swali. Ivide hapa, avide pale, evide wapi. Ithu hii, athu ile, ethu ipi. Ippol sasa, appol wakati ule, eppol lini. Ingane hivi, angane vile, engane vipi. Yani ukishika familia tatu nne umepata maneno kumi na mbili kwa nguvu ya manne. Yanayobaki pembeni ni enthu, nini, na aaru, nani.

Salamu hazina shida. Namaskaram ni ya heshima, ila mtaani utasikia "sukhamaano?" u mzima, unajibu "sukham". Na "enthokkeyundu vishesham?" Vishesham ni habari, anakuuliza kuna habari gani, wewe Mswahili hilo swali umezaliwa nalo. Mchana watakuuliza "choru kazhicho?" umekula wali, na hiyo ni salamu ya upendo, sio lazima kuna sahani inakusubiri. Asante ni nanni, lakini watu wa nyumbani hawaambiani nanni kila dakika, ukiimwaga sana inaonekana umejitenga, tabasamu na "sheri", sawa, inatosha mara nyingi. Na mtu akitikisa kichwa upande upande taratibu, hiyo ni ndiyo au nimekuelewa, sio hapana.

Kwenye basi kuna sentensi moja ya lazima, "aal irangaanundu!" yaani kuna mtu wa kushuka, piga kelele, madereva wa mabasi binafsi Kochi wanakimbiza kweli. Valathu kulia, idathu kushoto, nere moja kwa moja. Treni ni theevandi, thee ni moto vandi ni gari, na babu zetu wakasema gari la moshi.

Hesabu: onnu, randu, moonnu, naalu, anchu, aaru, ezhu, ettu, onpathu, pathu. Mia ni nooru, elfu ni aayiram. Sasa fungua masikio kwenye tisa, maana imetengenezwa kwa kutazama mbele. Onpathu, tisa, ndani yake unasikia pathu, kumi. Tisini ni thonnooru, unasikia nooru. Mia tisa ni thollaayiram, unasikia aayiram. Usimpe mtu rupia mia kwa kitu cha tisini ukaondoka zako, subiri baakki. Ndiyo, baakki, chenji iliyobaki, baki yetu hiyo hiyo. Bei unauliza "ethrayaa?" Saa pia angalia, ezhu mani asubuhi ni saa moja yetu, wao wanahesabu kizungu. Ila siku wako na sisi, innale jana, innu leo, naale kesho, na zile ambazo Kiingereza kinazieleza kwa sentensi nzima wao wana neno, mininjaannu juzi, mattannaal kesho kutwa.

Baakki haiko peke yake, kuna ukoo mzima wa hivyo. Paisa ni pesa, vakkeel ni wakili, laksham ni laki, sarbath ni sharubati ingawa yao ni ya kukoroga na ndimu na sio juisi nzito, halwa ya Kozhikode ni haluwa, Waislamu wa Malabar wanasema duniyaavu kwa dunia na khabar kwa kaburi. Mesha ni meza, na wote tumelitoa kwa Wareno. Vasco da Gama alipofika karibu na Kozhikode Mei 1498 alikuwa ametoka Malindi, na aliyemvusha ni nahodha aliyempata Malindi, maana njia ilikuwa inajulikana na watu wa pande zote mbili. Kwa hiyo haya maneno sio bahati.

Kwa wenye mgonjwa, haya yaandike kwenye karatasi: vedana maumivu, thala vedana kichwa kinauma, vayaru vedana tumbo, pani homa, chardi kutapika, vayarilakkam kuhara, marunnu dawa. Kikohozi ni chuma, usicheke, mganga akiuliza "chuma undo?" anauliza kama mgonjwa anakohoa. Kizunguzungu ni thalakarakkam, kichwa kuzunguka, limejengwa kama la kwetu. Dawa kabla ya chakula ni munpu, baada ya chakula ni shesham, hizo mbili usizibahatishe, rudia mbele ya muuguzi mpaka akubali. Hujaelewa sema "manasilaayilla", na "pathukke parayoo" ni sema polepole, na "onnu koodi" ni mara nyingine tena.

Na ukiondoka kwa mtu usiseme "njan pokunnu", ninaenda, ukaishia hapo mlangoni, inasikika kama umekata kamba. Sema "poyittu varaam", niende nirudi. Hata kama tiketi ya ndege iko mfukoni, ndo wanavyosema, na watakujibu "sheri, poyittu vaa".